Huile ya Bei Kali na Safari ya Mama

Ariwara, tarehe 11 mwezi wa pili 2024

Mdogo wangu Jean-Luc,

Salamu kwako, kwa mke wako Patience na kwa watoto wote. Huku tuko wazima. Michel wangu amepona mgongo, sasa analalamikia goti. Naona viungo vyake vinapeana zamu. Mtoto wetu wa mwisho amepata asilimia sitini na nane, anatembea uani kama inspekta wa shule. Duka linaenda. Vumbi ni jingi, lakini wateja wapo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu hatuongei kitu. Nyumba yenu ni vyumba viwili, Mama anaketi karibu nawe, na kila ninachouliza mimi dada yako mkubwa unanijibu, "Ndiyo yaya, mvua imenyesha." Barua Mama hataisikiliza.

Neno lenyewe ni yeye. Mama alikuja Bunia kufanyiwa jicho. Daktari alimaliza kazi yake kwa wiki tatu. Leo ni mwaka na miezi minne, na Mama bado yuko kwako Shari, hapo Bunia, anahesabu mabati ya jirani. Mara ya mwisho alikunyang'anya simu akaniambia: "Miye nilikuya Bunia juu ya jicho. Sikukuya juu ya kaburi." Na wewe unajua sheria yake, alishika hivyo hata Baba alipokuwa hai: aliyemtoa mzee nyumbani kwake ndiye anayemrudisha. Hataki gari ya mtu mwingine, hataki ndege. Aliyemtoa nyumbani Mahagi ni wewe na Hiace yako.

Kila nikikuuliza unasema injini inakula huile, mafuta ya kulainisha yanakwisha kila siku. Ulisema hivyo Pasaka, ukasema hivyo Noeli. Basi mimi nauza huile, nimechoka kusikia hilo neno kutoka kwa ndugu yangu mwenyewe. Guelord, dereva wa lori anayebeba mizigo yangu, anakuletea bidon mbili za lita tano. Ni sentetiki kabisa, ile ambayo hapa wananunua watu wa mashirika tu kwa magari yao meupe. Bidon moja ni bei ya bidon mbili na nusu za ile unayotumia wewe. Haiwi maji injini ikipata moto, haiungui upesi, na wameandika kilomita elfu kumi na tano kabla ya vidange, kabla ya kumwaga na kuweka mpya. Usinilipe. Mwaga ile ya zamani, weka hii, umlete Mama.

Dada yako,
Émilienne


Bunia, tarehe 24 mwezi wa tatu 2024

Yaya Émilienne,

Nakusalimu sana wewe na shemeji Michel, mwambie goti alipake mafuta ya ng'ombe. Patience anakusalimu. Watoto walikohoa wiki mbili, wamepona. Mama anakula vizuri. Jicho linaona hadi anatuambia tumekonda.

Bidon zimefika, vifuniko havijaguswa. Guelord alikaa wiki tatu njiani akingoja magari yapangwe pamoja na askari wa kusindikiza, kwa hiyo usifikiri nimechelewa kukujibu kwa kiburi.

Yaya, asante, lakini nimeongea na fundi Mathieu na hakubali. Anasema injini yangu ina zaidi ya kilomita laki nne na imezoea huile nzito. Sentetiki ni nyepesi, na inasafisha. Sasa uchafu wa miaka ndio umeziba mianya ya zile joints, zile pete za mpira. Ukiusafisha, huile inatoka kila mahali. Halafu kilomita elfu kumi na tano ni za barabara za Ulaya. Hapa mazuti, dizeli yetu, ina maji, vumbi linaingia hadi puani mwa injini, na lazima tumwage huile kwa elfu nne, iwe ya bei kali, iwe ya bei rahisi. Unamwaga chini dola zako zikiwa bado nzima. Na tena gari ya huku haihesabiwi kwa kilomita. Ukisimama saa nne nzima kwenye jua bila upepo, injini inanguruma, magari mbele, magari nyuma, kilomita ni sifuri na huile imekwisha kupikwa. Nani anaandika hiyo kwenye bidon?

Kwa hiyo naona tungoje. Nitatafuta kwanza joints mpya, halafu baada ya Pasaka tuone.

Mdogo wako,
Jean-Luc


Ariwara, tarehe 14 mwezi wa nne 2024

Jean-Luc,

Salamu. Tumekula Pasaka salama, nilichinja bata mbili, Michel alisahau goti siku nzima. Poleni na kikohozi.

Naona umekuwa injinia. Miaka kumi na mbili nauza huile hapa, madereva wananiambia yote hayo kila siku, na nusu ya wanayosema ni kweli. Ni kweli utamwaga mapema. Ni kweli hizo elfu kumi na tano ni maneno ya kuuzia. Yule anayezunguka na teksi mjini, anayeweza kuzima na kungoja chini ya mti, mimi mwenyewe namwambia chukua ya kawaida, usiharibu pesa. Lakini gari inayosimama ikinguruma kwenye jua na halafu inapanda milima na watu wamejaa ndani, hiyo ndiyo inayohitaji huile isiyokubali moto. Unalipa kwa ajili ya saa moja mbaya. Saa hiyo isipokuja umepata hasara, sawa. Ikija, umenunua injini.

Sasa niulize. Umeandika "ukisimama saa nne nzima kwenye jua bila upepo." Ulisimama wapi saa nne? Hukuniambia kitu kama hicho.

Nyumba ya Mama nimepitia kule Mahagi. Mabati mawili yalifunguka, tumeyapigilia. Mdogo wake anafagia kila Jumapili baada ya misa na kufungua madirisha. Ameniuliza alaze godoro lini juani. Nikasema karibu.

Weka ile huile.

Émilienne


Bunia, tarehe 2 mwezi wa sita 2024

Yaya mpendwa,

Salamu nyingi. Mvua imezidi, barabara ya kwetu Shari imekuwa mto. Patience anauza beignets, yale maandazi yake, mbele ya shule, zinakwisha kabla ya saa tatu. Bata mbili, na sisi hukutukumbuka hata bawa.

Habari ni hii: nimekutii. Nilimwaga huile ya zamani, ilitoka nyeusi na nzito, nikaweka ya kwako na filtre mpya. Yaya, nisikufiche, sauti ilibadilika siku hiyohiyo. Asubuhi inawaka mara moja, moshi wa buluu umepungua, na taa ya huile inazima kabla sijahesabu mbili. Ni kitu kizuri, nimekubali.

Lakini aliyosema Mathieu yametokea. Joint ya nyuma, pale injini inapokutana na gearbox, inavuja. Naamka nakuta doa chini. Kuibadilisha ni kazi kubwa, kushusha gearbox yote, na joint yenyewe Bunia haipatikani. Kwa hiyo safari haiwezekani sasa. Si kosa lako, wala si kosa langu. Ndivyo gari za zamani zilivyo.

Usihangaike kutuma joint. Mathieu atatafuta.

Mama anakusalimu. Anaimba.

Jean-Luc


Ariwara, tarehe 30 mwezi wa sita 2024

Jean-Luc,

Salamu kwa Patience na watoto. Huku wazima.

Nimesoma barua yako mara tatu. Tangu mwaka jana sijakusikia na furaha kama ya barua ile. Mtu gari yake inavuja na anaandika kama aliyepata mtoto.

Kwa hiyo nilimwambia Guelord aangalie. Usimkasirikie, ni mimi nilimtuma. Alingoja mizigo hapo kwenu siku mbili, akaingia chini ya Hiace ulipokwenda kununua sukari. Chini pakavu. Alipita kwa Mathieu. Mathieu anasema hajaiona gari yako tangu Noeli, na hayo ya huile uliyoniandikia mliongea barabarani tu. Guelord akasoma na kilomita, kwa sababu uliibandika karatasi ya vidange kwenye mlango kama Baba alivyotufundisha. Tangu uweke huile yangu umetembea kilomita mia mbili na kumi. Hiyo ni Shari na soko, soko na Shari.

Lakini si hiyo iliyoniliza. Guelord anasema Jumamosi asubuhi uliwasha injini uani, ukasema unapima huile. Mama aliposikia inanguruma akaingia chumbani, akatoka amevaa kitenge chake kizuri na viatu vya misa, mfuko wake mkononi. Akaketi kwenye kiti karibu na mlango. Wewe uliinama kwenye injini karibu nusu saa, halafu ukazima. Mama akanyanyuka akaenda kubadilisha nguo. Guelord alimuuliza Patience kulikuwa na nini, Patience akajibu: "Iko vile kila siku ya posho."

Kila Jumamosi, Jean-Luc. Mzee wa miaka sabini na sita anavaa viatu, anavua viatu.

Nimekukasirikia sana. Niambie ulisimama wapi saa nne. Sitaki tena neno moja juu ya joints.

Émilienne


Bunia, tarehe 28 mwezi wa saba 2024

Yaya,

Salamu. Watoto wazima, Patience mzima. Nimeanza barua hii mara nyingi, watoto wamechezea karatasi nilizotupa.

Ilikuwa mwezi wa pili mwaka jana, miezi minne baada ya kumleta Mama. Nilipakia watu kumi na mmoja wa Mahagi; Mama nilimwambia angoje safari itakayofuata. Asubuhi nilipima huile, ilikuwa chini ya alama. Nilijua. Nikasema nitaongeza Mahagi, kule ni bei nafuu. Pale magari yanapopangwa kwa msafara tulisimama saa nne nzima, hakuna anayezima kwa sababu askari wanaweza kusema twende wakati wowote, na asiyewaka anabaki. Kisha tukaenda. Tulipopita Iga Barrière, kwenye kupanda, taa ya huile ikawaka na injini ikaanza kugonga. Nikaweka pembeni. Magari ya nyuma yakanipita moja moja. Nilimpungia mikono wa mwisho, aliangalia mbele tu. Msafara haungoji mtu, hiyo ni sheria, hata mimi nimewahi kuwapita wengine.

Tukabaki sisi na barabara. Baada ya muda tukasikia risasi, mbali, halafu si mbali. Watu waliniangalia mimi. Mimi ndiye shofere, dereva wao, Yaya, waliniangalia mimi. Na pikipiki moja ikapita mbio inarudi Bunia, ikapunguza kidogo kutukwepa, na mimi nikarukia kiti cha nyuma. Sikumwambia mtu kitu. Niliacha ufunguo kwenye gari. Kulikuwa na mama mmoja, Abigaël, mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa ameshika mkono wangu na nikauvuta.

Waliingia porini. Walitembea hadi kesho yake. Walipona wote kumi na mmoja, niliuliza mmoja mmoja hadi nikapata hesabu. Gari nililetewa siku ya tatu, ikivutwa na lori. Mathieu aliitengeneza, ni kweli aliitengeneza, tangu mwezi wa tano mwaka jana ni nzima. Watu wote wa Shari wanajua gari iliniharibikia njiani. Hawajui mengine, kwa sababu wale kumi na mmoja hawakusema.

Abigaël anauza mboga za lenga-lenga soko la Shari. Kila nikipita ananisalimu: "Shofere, habari ya leo? Watoto wako muzuri?" Hajanitukana hata siku moja. Angenitukana ningepumua.

Nimejaribu kutoka mara tatu, peke yangu, bila abiria. Nikifika kwenye barrière, kizuizi cha mwisho cha mji, mguu unakataa kukanyaga. Nageuza. Naona haya kukuandikia, lakini ndivyo ilivyo, mguu unakataa. Jumamosi nawasha gari na kujiambia leo. Namwona Mama anakaa kwenye kile kiti, na ninavyozidi kumwona ndivyo ninavyozidi kushindwa.

Tulibishana kama huile ya bei kali inafaa bei yake. Siku ile hata lita moja ya bei rahisi ingefaa. Niliiona haiko na nikaondoka.

Usimwambie Mama.

Jean-Luc


Ariwara, tarehe 18 mwezi wa nane 2024

Mdogo wangu,

Nimepokea. Nililia dukani mbele ya wateja, nikasema ni harufu ya petroli.

Sitakuambia kwamba si kitu. Uliwaacha watu, na mmoja alikuwa amekushika mkono. Sitakuambia pia kwamba mimi ningebaki, kwa sababu sikuwa pale. Wewe ni ndugu yangu, uko hai, na nafurahi uko hai. Hayo mawili yakae pamoja, siwezi kuyatenganisha.

Lakini Mama si lazima afungwe kwa kosa lako. Unamfungia ndani ya kitu asichokijua. Mwambie. Umwambie mwenyewe, siyo Patience, siyo mimi. Halafu umuulize kama atakubali kupanda na Guelord. Guelord anashuka kwenu katikati ya mwezi wa tisa. Yeye hupima huile mara mbili, mimi ndiye ninayemuuzia.

Akikataa, nitakuja mimi. Sijui nitapita wapi, lakini nitakuja.

Émilienne


Bunia, tarehe 22 mwezi wa tisa 2024

Yaya,

Barua hii imo kwenye mfuko wa Mama. Atakapokupa, utakuwa umekwisha kumwona, kwa hiyo salamu zangu atakuletea yeye.

Nilimwambia. Nilimsubiri arudi misa, nikafunga mlango, nikasema yote, hata mkono wa Abigaël. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Hakuacha kuchambua. Akasema: "Najua. Abigaël aliniambia ku kanisa, tangu mwaka iliyopita. Nilikuwa nangoya weye useme."

Yaya, alikuwa anajua. Zile Jumamosi zote alikuwa anavaa viatu akijua.

Nikamuuliza juu ya Guelord. Alimaliza maharagwe, halafu akasema, "Basi unipeleke kwake."

Leo asubuhi nimewasha Hiace. Mama ameketi mbele, kitenge kile, mfuko magotini. Tumepita soko, tumepita kanisa, watu wanampungia. Injini haikukohoa, haikutoa moshi, sindano ya moto wa injini imekaa katikati kama imepigwa msumari. Tumefika kwenye barrière ya mwisho, pale magari yanapojipanga, na lori la Guelord lilikuwa la tano. Nilikuwa nimejiambia nikifika hapo sitasimama, nitajipanga nyuma ya lori na kwenda. Sikumwambia Mama, lakini nafikiri alisikia mguu wangu. Aliweka mkono juu ya usukani na kusema, "Simama hapa, mutoto yangu. Iko sawa."

Nikashuka, nikambeba. Lori ni refu, hawezi kupanda. Amekuwa mwepesi, Yaya, sikujua ni mwepesi hivyo. Nilimweka kwenye kiti cha mwanaume mwingine. Naandika hii juu ya kiti cha mbele, magari hayajaondoka bado. Amenipa pipi moja kutoka kwenye mfuko wake kama vile tulipokuwa tunakwenda katekisimo.

Injini yangu bado inanguruma hapa chini ya karatasi. Haina kosa hata moja. Huile yako ni nzuri.

Nitangoja waende, halafu nitageuza.

Jean-Luc


Mahagi, tarehe 6 mwezi wa kumi 2024

Mdogo wangu Jean-Luc,

Mama amefika salama. Walilala siku moja njiani kwa ajili ya matope, hakuna kingine. Anakusalimu wewe, Patience na watoto, na ametuma karanga, gawaneni vizuri. Mimi nimebaki naye hapa wiki mbili, Michel analinda duka na kuuza kila kitu kwa bei isiyo yake.

Siku aliyofika alizunguka nyumba mara mbili kabla ya kuingia. Akatazama yale mabati mawili juu, akasema yamepigiliwa vibaya. Analala vizuri. Anaamka kabla yangu.

Watu wamekuja wengi kumsalimu, jirani, watu wa kanisa, mdogo wake na wajukuu wote. Unajua kwetu wanauliza jambo moja kabla ya maji ya kunywa: nani amemrudisha. Nilikuwa nimeandaa jibu langu, nilitaka kusema barabara ni mbaya, nilitaka kukufunika. Sikupata nafasi. Mama anajibu mwenyewe, kwa kila anayeingia, akiwa ameketi wima mlangoni.

"Ni Jean-Luc njo alinirudisha," anasema. "Mbele mu gari yake nilikaa miye. Alinibeba na mikono yake."

Lori halitaji. Wanaitikia, wanasifu mtoto mwema. Guelord alikuwepo mara ya kwanza, akaangalia kikombe chake. Mimi niliendelea kumimina chai. Sasa Mahagi yote wanajua kwamba wewe unapita ile barabara, na wawili tayari wameniuliza ni lini utakuja tena, wapate nafasi kwenye gari yako.

Dada yako,
Émilienne